Neno Lililozaa Malkia na Kahaba: Asili ya Majina ya Mwanamke Katika Lugha za Kigermanik

Kuna maelezo yanayopendwa sana kwenye harusi na semina za ndoa, hasa pale mhubiri anapotaka watu wajue kwamba Kiingereza nacho amekisoma. Anauliza, "Mnajua kwa nini mwanamke anaitwa 'woman'?" Hasubiri jibu. Ni 'womb' na 'man', anasema, yaani mwanamume mwenye tumbo la uzazi. Ukumbi unapiga makofi, bibi harusi anainamisha uso. Walioketi nyuma wana toleo lao la utani: 'woe' na 'man', ole wake mwanamume. Toleo la kwanza linamsifu mwanamke, la pili linamsimanga, na yote mawili hayana msingi wowote katika historia ya lugha.

Katika Kiingereza cha Kale, kile kilichosemwa Uingereza kabla Wanormani hawajaivamia mwaka 1066, mwanamke aliitwa 'wīfmann'. 'Wīf' ni mwanamke. 'Mann' ni mtu, binadamu yeyote, awe wa kike au wa kiume. Kwa hiyo 'wīfmann' ni mtu wa kike, basi. Sisi tunaosema Kiswahili hatuna haja ya kuelezwa mara mbili, kwa kuwa neno letu limejengwa karibu vivyo hivyo: mwana na mke, mwana na mume. Hakuna anayedhani mwanamke ni mtoto eti kwa sababu jina lake linaanza na 'mwana'. Tunajua 'mwana' hapo anasimama mahali pa mtu, kama katika mwanadamu na mwananchi.

Mwanamume naye alikuwa na majina yake. Moja lilikuwa 'wer', ndugu wa 'vir' ya Kilatini. Jingine lilikuwa 'wǣpnedmann', mtu mwenye silaha, na silaha iliyokusudiwa haikuwa lazima upanga. Mtu mzima ameshaelewa. Majina hayo yote mawili yalikufa. 'Wer' imebaki ndani ya 'werewolf', yule mtu wa hadithi anayegeuka mbwa mwitu usiku wa mbalamwezi. Wanaume wakabaki bila neno lao wenyewe, wakalichukua 'man', neno la watu wote, na kulifanya lao. Ndiyo maana leo 'woman' linaonekana kama limechanwa kutoka kwenye 'man', wakati aliyehama ni huyo wa pili.

Sauti zilizobaki ni kazi ya midomo tu. 'F' ilimezwa na 'm' iliyoifuata, ikawa 'wimman'. Kisha 'w', sauti ya kukunja midomo, ikaivuta irabu iliyo jirani yake hadi ikawa 'wumman', na baadaye 'woman'. Lakini katika wingi irabu ya zamani ilikataa kusogea. Kwa hiyo 'women' huandikwa kwa 'o' na kutamkwa kwa 'i', jambo lililowachapisha wanafunzi wengi fimbo bila kosa lao. Miaka ya 1970 baadhi ya watetezi wa haki za wanawake walianza kuandika 'womyn' ili kulifukuza 'man' ndani ya jina lao. Nawaelewa. Ila 'man' waliyemfukuza hapo alikuwa mtu, wala hakuwa bwana wa mtu. Na 'female', ambalo nalo linaonekana kumbeba 'male' mgongoni, lilitoka upande mwingine kabisa: ni 'femelle' ya Kifaransa, kutoka 'femella' ya Kilatini, mwanamke mdogo. Waingereza wa karne ya 14 ndio waliolipinda mwisho wake lifanane na 'male'.

Hayo ni ya Kiingereza peke yake, na Kiingereza ni mtoto mmoja tu katika ukoo wa Kigermanik, wenye Kijerumani, Kiholanzi, Kiafrikana, Kifrisia, Kiswidi, Kidenmaki, Kinorwei, Kiaislandi, na Kigothi ambacho kilishakufa. Ukizitazama lugha hizi kwa pamoja utakuta maneno makuu matatu ya mwanamke, na kila ndugu amechagua lake la kuliheshimu na lake la kulitupa.

La kwanza ndilo kongwe kuliko yote. Katika lugha mama ya Kihindi-Kiulaya mzizi wake ulianza kwa sauti ya 'gw', na wajukuu wake wametapakaa kutoka Ireland hadi India. Wagiriki walisema 'gynē', na ndiyo maana tawi la udaktari wa wanawake linaitwa jinakolojia. Warusi wana 'zhena', mke. Waajemi wana 'zan', na neno hilo lilisikika dunia nzima mwaka 2022, waandamanaji wa Iran walipoimba "Zan, zendegi, azadi": mwanamke, maisha, uhuru. Waayalandi wana 'bean', na kutoka hapo 'banshee', yule jini wa kike anayelia usiku mtu anapokaribia kufa.

Kwa wasemaji wa Kigermanik, 'g' za zamani zilikauka zikawa 'k'. Jacob Grimm, yule yule aliyekusanya ngano pamoja na mdogo wake, ndiye aliyeziweka kanuni za mabadiliko hayo wazi mwaka 1822. Goti la Kilatini ni 'genu', la Kiingereza ni 'knee', na hiyo 'k' ilitamkwa zamani. Kwa njia hiyo hiyo 'gw' ya mwanamke ikawa 'kw'. Askofu Wulfila, aliyewatafsiria Wagothi Biblia katika karne ya 4, alikuwa na maneno mawili ya mzizi huo: 'qino', mwanamke, na 'qens', mke wa mtu.

Huko Skandinavia mzizi huu umeshika kiti hadi leo. Kiswidi kina 'kvinna', Kinorwei 'kvinne', Kidenmaki 'kvinde', yote yakiwa maneno ya kawaida na ya heshima. Kiaislandi kina 'kona', ambalo katika wingi wa umilikishi hugeuka 'kvenna'. Tarehe 24 Oktoba 1975 wanawake wa Iceland, karibu asilimia 90 kati yao, waligoma kazi za ofisini na za jikoni kwa siku nzima. Siku hiyo inaitwa 'kvennafrídagur', siku ya mapumziko ya wanawake, na ndani yake umo mzizi ule ule wa 'gynē'.

Kiingereza kiliutendea mzizi huu jambo la ajabu. Kilirithi pacha wawili kama wale wa Wagothi: 'cwēn', lenye irabu ndefu, mke, hasa mke wa mtu mkubwa, na 'cwene', lenye irabu fupi, mwanamke tu. Wa kwanza akapanda ngazi. Mke wa mtu mkubwa akawa mke wa mfalme, na mke wa mfalme akawa malkia: 'queen'. Wa pili akashuka. Mwanamke tu akawa mwanamke wa hali ya chini, kisha mwanamke asiye na adabu, mwishowe kahaba: 'quean'. Tofauti yao katika maandishi ni herufi moja, na katika matamshi ilizidi kufifia. Mshairi William Langland, mwishoni mwa karne ya 14, aliuona utani uliojificha humo. Aliandika kwamba kwenye chumba cha mifupa cha kanisa ni vigumu kumtofautisha mtukufu na mtwana, au 'queyne' na 'queene'. Mafuvu hayana taji. Sauti zilipokaribia kugongana kabisa ilibidi mmoja aondoke, maana lugha haiwezi kuvumilia mkanganyiko wa aina hiyo ikulu. Aliyeondoka ni kahaba.

Kijerumani kilikuwa na 'quena', kikaliacha life. Kiholanzi kimebakiza 'kween', linalotumika kwa ng'ombe tasa. Tuendelee.

Neno la pili ni hilo 'wīf', na hapa ndipo wanaisimu wanapokuna vichwa. Liko kwa Waingereza, Wajerumani ('Weib'), Waholanzi ('wijf') na Wafrisia ('wiif'). Katika Skandinavia ya kale, 'víf' lilikuwa neno la washairi zaidi. Katika Kigothi cha Wulfila halimo. Nje ya ukoo wa Kigermanik hakuna jamaa yake anayekubalika na wote. Na lina kituko kimoja: kisarufi si la kike. Ni la jinsia ya tatu, ile ya vitu.

Wajerumani wanaposema 'das Mädchen', msichana, na kulipa neno hilo jinsia ya vitu, sababu inajulikana. Kiambishi '-chen' ni cha udogo, na kila kilichofanywa kidogo huhamia ngeli hiyo. Sisi tunafanya vivyo hivyo tunaposema "kitoto kinalia" badala ya "mtoto analia". Mtoto hajageuka kiti. Ni sarufi tu. Mark Twain aliwacheka Wajerumani mwaka 1880 kwamba kwao binti hana jinsia lakini tanipu, mboga ya mizizi, inayo. Angejua Kiswahili asingeshangaa sana. Lakini 'das Weib' halina kiambishi chochote cha udogo. Liliingia kwenye ngeli ya vitu likiwa zima, na limekaa humo kwa zaidi ya miaka elfu.

Kwa hiyo wengi wamedhani kwamba mwanzoni lilikuwa kweli jina la kitu. Kundi moja linaelekeza kwenye kitenzi cha Kigothi 'biwaibjan', kuzungushia, kufunika: 'wīf' angekuwa ushungi, kisha bibi harusi aliyefunikwa, kisha mke. Kundi jingine linakwenda mbali hadi bonde la Tarim, magharibi ya China ya leo, kulikosemwa Kitokharia. Humo kuna neno 'kwīpe', aibu, na pia sehemu za siri. Binafsi nadhani maelezo ya ushungi yanapendwa zaidi kwa sababu yana staha, na hiyo si sababu ya kitaalamu. Lile la pili linaieleza vizuri ngeli ya vitu, na matusi ya mitaani ya lugha nyingi yanathibitisha kwamba watu hawaoni haya kumwita mwanamke kwa kiungo chake.

Kiingereza kilimpunguza 'wīf' taratibu hadi akabaki mke wa mtu, 'wife'. Lakini maana ya zamani imeganda ndani ya maneno ya kazi. 'Midwife', mkunga, si mke wa katikati. 'Mid' hapo ni "pamoja na", yaani aliye pamoja na mwanamke. 'Fishwife' ni muuza samaki, awe ameolewa au la. Na 'huswif', mama mwenye nyumba, alizaa watoto wawili: 'housewife', aliyetulia, na 'hussy', mwanamke asiye na haya.

Neno la tatu lilianza kama cheo. Wagermanik wa kale walimwita bwana 'frauja'. Wulfila alilitumia hilo hilo kwa Bwana Mungu. Wajerumani walikuwa na 'frō', bwana, ambalo leo limebaki ndani ya maneno machache tu, kama jina la sikukuu ya Ekaristi, 'Fronleichnam', Mwili wa Bwana. Mwenzake wa kike alikuwa 'frouwa', bibi mkubwa, mwenye mji. Huyo ndiye 'Frau' wa leo, na 'vrouw' wa Waholanzi. Huko kaskazini cheo hicho kilikuwa kikubwa kiasi cha kupewa miungu: Freyr na dada yake Freyja, ambao tafsiri yao nyepesi ni Bwana na Bibi. Wengi humhusisha Freyja na Ijumaa, 'Friday', lakini siku hiyo ni ya mungu mwingine, Frigg, ambaye mzizi wake ni wa kupenda.

Sasa fikiria Ujerumani mwaka 1200. Mwanamke yeyote ni 'wîp'. Mwanamke wa kabaila ni 'frouwe'. Waimbaji wa mapenzi wanaozunguka kwenye ngome za wakubwa wanajua mahali pa kutumia kila neno, kwa sababu chakula chao kinategemea hilo. Katikati yao anasimama Walther von der Vogelweide, maarufu kuliko wote, na kuimba kwamba 'wîp' liwe daima jina la juu kabisa la wanawake, kwamba linawatukuza kuliko 'frouwe'. Hoja yake ilikuwa nzuri: kuna wenye cheo cha u-'frouwe' wasio na utu wa kike, lakini 'wîp' ni utu wenyewe. Alishindwa. Au tuseme karne zilizofuata zilimpinga.

Kilichotokea tunakifahamu kwetu. Mtu anayetaka kuonekana na adabu humpa mwenzake cheo kikubwa kidogo kuliko anachostahili. Kesho kila mtu anafanya hivyo, na cheo kinakuwa salamu. 'Mheshimiwa' lilikuwa la wabunge. Leo dereva wa bodaboda anamwita hivyo abiria anayebishana naye juu ya shilingi mia tano. Wajerumani walianza kumwita 'Frau' mke wa mfanyabiashara, kisha wa fundi, kisha wa mkulima. 'Frau' lilipofika kwa kila mwanamke, 'Weib' lilijikuta halina kazi ya heshima iliyobaki, likasukumwa matopeni. Haikuwa siku moja. Martin Luther alipotoa Agano Jipya mwaka 1522, Maria kwake alikuwa amebarikiwa kati ya 'Weiber', bila tusi lolote. Wakatoliki wa Ujerumani nao walisali Salamu Maria kwa neno hilo kwa muda mrefu, mpaka masikio yakakataa. Sasa wanasema 'Frauen', pale ambapo sisi tunasema "umebarikiwa kuliko wanawake wote". Leo kumwita mwanamke 'Weib' mbele yake ni kutafuta ugomvi, ingawa 'weiblich', -a kike, ni neno safi la fomu na la hospitali.

Pengo likabaki juu. Kama kila mtu ni 'Frau', bibi mkubwa aitweje? Wajerumani wakaenda kuazima kwa Wafaransa 'Dame', kutoka 'domina' ya Kilatini, mwenye nyumba. Nalo limeshuka: ukiwa Ujerumani na umebanwa haja, 'Damen' ndilo utakaloliona kwenye mlango wa choo.

Binti wa 'Frau', 'Fräulein', alipitia njia hiyo hiyo. Katika tamthilia ya Goethe iliyotoka mwaka 1808, Faust anamsimamisha Gretchen barabarani na kumwita 'Fräulein' mrembo. Anamjibu kwamba yeye si 'Fräulein' wala si mrembo, na kwamba anaweza kwenda nyumbani bila kusindikizwa. Msomaji wa leo anasikia maringo ya msichana. Msomaji wa wakati ule alisikia marekebisho ya kisheria karibu: 'Fräulein' alikuwa binti wa kabaila, na Gretchen ni mtoto wa watu wa kawaida. Miaka mia baadaye cheo hicho kilikuwa cha kila asiyeolewa, cha mwalimu wa shule ya msingi, na cha mhudumu wa mgahawa anayeitwa kwa sauti kutoka meza ya mwisho. Mwanamke wa miaka 60 ambaye hakuolewa bado alikuwa "bibi mdogo". Mwaka 1972 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani Magharibi iliamua neno hilo litoke kwenye nyaraka za serikali.

Waholanzi walifuata nyayo za Wajerumani: 'vrouw' juu, 'wijf' chini, na 'wijfje' kwa mnyama, sawa na 'jike' letu, ambalo nalo ukimwita mtu utajuta. Wasemaji wa Kiafrikana vilevile. Lakini Flandria ya Magharibi, nchini Ubelgiji, watu hutamka jamaa ya 'wijf' bila nia mbaya, na Wafrisia humwita mke 'wiif' kwa upendo wote. Waskandinavia, ambao kiti chao kilikuwa na 'kvinna', walinunua 'fru' kutoka kwa wafanyabiashara wa Hansa, ule muungano wa miji ya biashara ya kaskazini mwa Ujerumani, pamoja na chumvi na vitambaa, wakaipa kazi ya mke na ya jina la heshima. Kiingereza hakikuihitaji: kilikuwa na 'hlǣfdige', mkandaji wa unga wa mkate, aliyefupishwa hadi 'lady'. Mumewe alikuwa 'hlāfweard', mlinzi wa mkate, leo 'lord'. Mabwana wote wa bunge la Uingereza wamebeba jina la mtu anayelinda mkate jikoni, na hilo huwa linanifurahisha.

Hapa kuna jambo ambalo halielezwi na adabu peke yake. Maneno ya wanaume pia huanguka. 'Knave' alikuwa mvulana, akawa laghai. 'Churl' alikuwa mtu huru wa kawaida, akawa mshenzi. Lakini wanaume wakianguka huangukia kwenye ufukara wa tabia. Wanawake huangukia kitandani. 'Quean', 'hussy', 'wench' aliyekuwa mtoto tu, 'mistress' aliyekuwa mwenye nyumba. Kijerumani kina 'Dirne', zamani msichana, leo kahaba. Ajabu ni kwamba ndugu zake wa mikoani hawajaambiwa: 'Deern' la Hamburg ni binti anayependwa, na 'Dirndl' la Bavaria ni msichana pamoja na gauni lake la sikukuu. Neno lililobaki kwenye lahaja lilisalimika, lililoingia kwenye lugha rasmi likaharibiwa jina.

Mwaka 1867 mwanamke mmoja kutoka Zanzibar alifika Hamburg. Alizaliwa mwaka 1844, binti wa Sultani Sayyid Said, na kwao aliitwa Bibi Salme. Alikuwa ameolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, na mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani. Majirani wa Hamburg walimwita Frau Ruete, kama walivyomwita mke wa mwoka mikate na mke wa karani. Kama angemkuta Walther von der Vogelweide, huyo angejua kwamba Frau na Bibi ni cheo kilekile. Majirani walikuwa wamechelewa miaka mia kadhaa. 'Bibi' nalo, alilolitumia binti wa Sultani kisiwani, halikusubiri. Siku hizi ukisema "bibi yangu anaumwa" Nairobi watakupa pole ya mke, na Dodoma watakuuliza ni mzaa mama au mzaa baba.